Nondo mwenye fuvu mgongoni

Swali: Kwenye managu yangu nimekuta kiwavi wa manjano, mnene kama kidole gumba, ana pembe mkiani. Majirani wanasema ana sumu. Wiki hiyo hiyo nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu aliingia sebuleni, na tulipomshika akalia kama panya. Je, wana uhusiano? Nipulize dawa gani?
*Mama wa Kasarani*

Jibu: Wana uhusiano, mama: mmoja ni mtoto, mwingine mzazi. Kitaalamu anaitwa *Acherontia atropos*. Nondo wa fuvu wako aina tatu duniani, lakini mbili ni za Asia, kwa hiyo ukimwona huku kwetu hakuna haja ya kubahatisha. Mabawa yakitandazwa hufika sentimita 9 hadi 13. Ya nyuma ni ya manjano yenye mistari myeusi. Mlio ni hewa anayoivuta na kuitoa kwa mrija wake mfupi wa kunyonyea. Uchawi haumo.

Kiwavi aliyekomaa hufika sentimita 12. Rangi ni tatu: manjano, kijani au kahawia. Wa manjano na wa kijani wana mistari saba ya mshazari kila ubavu. Tazama pembe kwa karibu: ina vipele kama punje za mchanga na ncha yake imejikunja. Haichomi wala haina sumu. Ukimgusa atagonganisha taya, tik-tik, basi.

Dawa achana nayo. Managu unayachuma kila mara, na ukipulizia itabidi usubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kula. Isitoshe, kiwavi wa ukubwa huo amebakiza siku chache tu za kula kabla hajaingia ardhini, kwa hiyo utakuwa unaadhibu mboga. Tafuta kinyesi chini ya shina, vidonge vikubwa vyenye mifereji, kisha inua macho: yuko juu yake, amejibana chini ya kikonyo. Mng'oe kwa mkono, umhamishie kwenye lantana ya ua. Kagua pia viazi, nyanya, biringanya na mnanaha. Mjakaranda nao humlisha, ndiyo maana Nairobi hakosi chakula.

Swali: Nondo huyo nimemkuta amekufa ndani ya mzinga. Alifuata nini?
*Mfugaji nyuki, Karen*

Jibu: Asali. Mrija wake ni mfupi na mgumu, haufiki kwenye maua marefu, lakini hutoboa kifuniko cha nta vizuri sana. Ana harufu inayofanana na ya nyuki, hivyo mara nyingi hupita bila kushtukiwa. Huyo wako alishtukiwa. Punguza kimo cha mlango wa mzinga hadi milimita 8. Nyuki watapita, yeye hapiti. Kundi lenye nguvu halimwogopi. Linaloumia ni dogo.

Swali: Mwanangu ana kiwavi mkubwa wa kijani aliyetoka kwenye viazi vitamu. Ni huyo huyo? Tunaweza kumlea?
*Baba wa Umoja*

Jibu: Yaelekea ni binamu yake, *Agrius convolvuli*. Pembe ya huyo ni laini, imepinda kama upinde, na nondo wake ni wa kijivu mwenye pingili za waridi tumboni. Hana fuvu.

Kumlea kunawezekana. Mpeni majani ya mmea ule ule mliomtoa, mabichi kila siku. Ukimbadilishia chakula anaweza kugoma hadi afe. Akiacha kula, rangi ikabadilika na akaanza kuzunguka chombo bila kutulia, anatafuta udongo wa kujizika ili ageuke. Wekeni ndoo yenye udongo laini wa kina cha sentimita 15, unyevu kiasi cha kushikana ukiubana mkononi bila kudondosha maji. Ukilowa sana, pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa nondo) huota ukungu. Udongo ukikosekana kabisa, hujigeuza juu ya sakafu na mara nyingi nondo hutoka na mabawa yaliyokunjamana. Msimfukue kuchungulia. Simamisheni kijiti ndani ya ndoo, maana akitoka lazima apande mahali pa kuning'inia mabawa yapate kunyooka.