Pomboo yule hakupiga mkia

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza ukubali kazi ipi huko Hamburg: ya mashine ndefu inayoharakisha elektroni ndani ya mirija ya metali, au ya kundi dogo linaloziharakisha kwa leza. Kabla sijagusa hilo, kuna sentensi yako moja iliyoninyima usingizi wa mchana, kwamba leza "inazisukuma elektroni mbele". Haizisukumi hivyo. Mwanga peke yake, katika ombwe, huitikisa elektroni huku na huku, kisha ukishapita huiacha karibu kama ulivyoikuta.

Kazi hufanywa na wimbi la nyuma. Mpigo wa leza wenye ukali wa wati bilioni bilioni kwa kila sentimita ya mraba ukiingia kwenye gesi, hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na kuzitawanya pembeni, ilhali ioni, ambazo hata ile nyepesi kabisa ya hidrojeni huizidi elektroni uzito mara 1,836, hubaki zilipo. Elektroni huvutwa kurudi, hupitiliza, na nyuma ya mpigo huzuka wimbi linalokimbia karibu na kasi ya mwanga. Elektroni itakayolidandia wimbi hilo mahali panapofaa hubebwa.

Hapo humkumbuka yule pomboo. Ulikuwa na miaka tisa, tunavuka kwenda Pemba kwenye harusi ya shangazi yako, ukainama ukingoni mwa boti ukipiga kelele, "Mama, hapigi mkia!" Nami, mwalimu wa fizikia, nikakujibu mbele ya abiria wote kwamba hukutazama vizuri. Wakacheka. Ukanyamaza mpaka Wete. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba pomboo hupanda mawimbi ya vyombo na kubebwa nayo. Mimi niliyewaimbia watoto wa watu kwamba macho yatangulie kanuni, siku ile sikugeuza hata shingo.

Wanafizikia Tajima na Dawson waliliandika wazo la wimbi hili mwaka 1979, wakati leza za kulitimiza hazijakuwapo, kwa kuwa mpigo mkali ungeharibu vioo vya leza yenyewe. Mwaka 1985, huko Rochester, Marekani, Strickland na Mourou waliurefusha mpigo, wakaukuza ukiwa umelegea, kisha wakaubana upya. Mwaka 2018 wakapewa Nobel. Mwaka 2019 wenzao wa Berkeley wakazifikisha elektroni kwenye nishati ya elektronivolti bilioni 7.8 ndani ya sentimita 20, wakati mashine ndefu ya Stanford ina urefu wa kilomita 3.2. Metali huanza kutoa cheche ukiizidishia volti. Plazma, yaani gesi iliyokwisha kung'olewa elektroni, imekwisha kuraruka, haina cha kuraruliwa tena.

Unaona ninakoelekea, nami najizuia. Mashine ndefu hutoa miale ileile asubuhi na jioni, na anayetaka kuitumia haulizi ilisafiri umbali gani. Lakini sentimita 20, mwanangu! Basi, baba yako amenikataza kukuchagulia, na safari hii ana haki.

Ila ukienda kwa hao wa leza, usikubali kuonyeshwa mpigo wao bora. Omba kukaa siku nzima mbele ya skrini, uone mapigo mia yanayofuatana yanavyotofautiana, kisha uniandikie ulichokiona.

Mama yako