Anza na kitabu, mada itafuata

Swali la wiki: Maktaba ikiandaa kipindi cha hadithi chenye mada kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, vitabu vya picha vichaguliwe vipi?

Kosa kubwa hufanyika kabla hata kitabu hakijafunguliwa. Mada huandikwa kwanza kwenye ratiba, kisha mtu hutumwa rafuni atafute chochote kinachofanana nayo. Ukiandika "Twiga" utapata kitabu kimoja kizuri na viwili vya kujazia, na hivyo viwili ndivyo vitakavyowapoteza watoto. Tafuta kwanza kitabu kimoja unachoamini kitawashika, halafu ukipe neno pana la kukaa chini yake. Hadithi ya chura anayesubiri mawingu usiiite "Vyura", iite "Mvua". Hapo inapata majirani: foleni ya ndoo bombani, mwavuli uliopeperuka, mahindi yaliyochipua.

Kwa nusu saa vitabu vitatu vinatosha, na cha nne kaa nacho cha akiba. Visiwe vya mkondo mmoja. Wanyama watatu waliopotea na kurudi nyumbani, mmoja baada ya mwingine, huwachosha watoto hata kama kila kitabu peke yake ni kizuri. Chagua hadithi yenye kisa, kitabu chenye kibwagizo, na kitabu cha maelezo chenye sentensi moja kwa ukurasa. Kirefu kisomwe kwanza, dakika 7 au 8, masikio yakiwa bado mapya. Cha kibwagizo dakika 5. Kifupi kabisa mwisho, dakika 3. Katikati weka mchezo wa mwili. Kwa mada ya mvua, watoto wagonge kiganja kwa kidole kimoja, kisha viwili, kisha vyote, mpaka wafikie kupiga mapaja, na mvua ikatike kwa kurudi nyuma vilevile. Dakika zilizobaki ni za "Paukwa!" "Pakawa!" mwanzoni, na za watoto kushika vitabu wenyewe mwishoni.

Jaribio ambalo wengi hulisahau ni la umbali. Simamisha kitabu wazi kwenye kiti, rudi nyuma mita 3, kisha chuchumaa mpaka macho yako yawe kwenye kimo cha mtoto aliyekaa mkekani. Kama huoni ni nani anafanya nini, safu ya nyuma haitaona. Kitabu chenye vipicha sita kwa ukurasa ni cha mapajani, kinamfaa mtoto mmoja na mkubwa wake. Kagua pia picha zinazovuka kurasa mbili: mara nyingi uso wa mhusika humezwa na mshono. Karatasi ya kung'aa nayo hurudisha mwanga, kwa hiyo usikae ukitazamana na dirisha. Ukilipa mgongo, watoto wataona kivuli tu. Dirisha liwe ubavuni.

Kisha hesabu maneno. Kwa kundi la umri huu, ukurasa wenye zaidi ya maneno 40 ni mzito: jicho limeshamaliza picha, sikio bado linasubiri, na mikono inaanza kumchokoza jirani. Usipunguze papo hapo mbele ya watoto, utajikwaa. Weka alama za penseli nyumbani.

Lugha ipimwe kwa kusoma kwa sauti, hasa vitabu vya tafsiri. Vina vilivyokuwa utamu wa lugha ya kwanza hupotea, na kinachobaki ni "yeye" na "wao" zisizo na kazi. Tofauti yake ni kitabu chenye tanakali za sauti: kitu kikianguka chubwi majini au tapwi topeni, watoto wote watasema nawe ukurasa unaofuata. Kitabu cha namna hiyo kinastahili nafasi hata kama kinagusa mada kwa mbali.

Rafu ikiwa haina kitu, African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili mtandaoni zinazoruhusiwa kuchapishwa bure. Viwango vyake vitano vinapanga zaidi ugumu wa kusoma, kwa hiyo visikuamulie nini kitawapendeza watoto wanaosomewa kwa pamoja. Chapisha A3, upande mmoja, kila picha juu ya manila yake. Maandishi ya picha ya kwanza yabandike nyuma ya kadi ya mwisho, ya picha ya pili nyuma ya kadi ya kwanza, na kuendelea hivyo: ukipeleka kadi ya mbele nyuma ya zote, maneno unayoyahitaji yanakutazama wewe. Wajapani husoma kamishibai, hadithi zao za kadi za picha, kwa mpango huohuo. Chapisha kwanza ukurasa mmoja wa majaribio, maana printa ikitia wino mwingi, nyuso za watu weusi hugeuka doa lisilo na macho wala tabasamu. Ongeza mwangaza wa picha kabla ya kuchapisha zilizobaki, na andika namba ya kadi kwenye pembe.