Kabla Hujamnyamazisha Mbwa, Jua Anambwekea Nani

Msomaji mmoja wa Arusha ameniandikia kwamba majirani wamemshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa kwa sababu mbwa wake hubweka usiku kucha, naye ametakiwa amnyamazishe au amwondoe. Nimeusoma ujumbe huo kwa uchungu, kwani mimi pia niliwahi kuitwa katika ofisi ya serikali ya mtaa hapa Dar es Salaam, na mpaka leo linaniuma kwamba hakuna jirani hata mmoja aliyegonga geti langu kwanza tukazungumza.

Mbwa wangu, Tomi, niliachiwa na ndugu aliyehamia mkoani, na tabia ya kubweka alikuja nayo. Kila mtu alikuwa na dawa yake: huyu alisema nimchape, yule nimfunge mnyororo mfupi, na mlinzi wa nyumba ya pili alishauri nimlishe pilipili ili angalau ukali wake uwe na faida. Nilikataa yote, na najivunia kukataa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama, lakini hata isingekuwapo, kipigo humfundisha mbwa kumwogopa mwenye fimbo tu, na hofu yenyewe ni miongoni mwa mambo yanayomfanya mbwa abweke.

Nilichofanya ni kuketi barazani na daftari, nikaandika saa ya kila mbweko na kilichoutangulia. Banda la Tomi lilielekea geti la nondo, na kupitia nondo hizo aliiona barabara yote. Bodaboda ilipita, akabweka, bodaboda ikaenda zake. Muuza samaki alipita, akabweka, muuza samaki naye akaenda zake. Sisi tunajua kwamba watu hao walikuwa na safari zao, lakini mbwa huona kwamba amebweka na mgeni ameondoka, hivyo kila mpita njia humpa ushindi mpya unaomtia moyo wa kubweka zaidi kesho. Ndiyo maana kumsubiri mbwa wa getini achoke mwenyewe hakusaidii. Kumfokea kutoka dirishani nako humchochea, kwa kuwa anasikia kelele za mwenzake na kudhani mnawafukuza wageni pamoja.

Nilihamishia banda nyuma ya nyumba, nikaziba nondo za chini kwa bati, na kelele za mchana zikapungua sana.

Usiku ulikuwa na shida yake. Katika miji yetu tumezoea kumfungia mbwa bandani tangu asubuhi na kumfungulia giza likiingia, kisha tunashangaa kwamba mnyama aliyelala mchana kutwa hana usingizi na anamjibu kila mbwa wa mtaa wa pili. Tena masikio yake si kama yetu: binadamu husikia sauti zenye mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde, ilhali mbwa hufikia takriban 45,000, kwa hiyo anayeonekana kubweka bure huenda amesikia panya darini. Nilianza kumtembeza alfajiri na jioni, akiwa amekwisha kuchanjwa kichaa cha mbwa, na chakula chake cha jioni nikakitawanya uani akitafute kwa pua, maana kunusa humtuliza mbwa na kumchosha vizuri.

Baada ya hapo nilimfundisha neno moja, "basi". Nilimwacha abweke mara mbili tatu, kwa sababu kutoa taarifa ni kazi yake, kisha nikatamka neno hilo kwa sauti ya chini na kumsogezea kipande cha ini puani. Aliponyamaza alikipata, na kila siku nilirefusha kidogo muda wa kimya kabla ya kumpa. Anapobweka ili afunguliwe banda, usifungue mpaka anyamaze. Atazidisha kwanza, na ukishindwa siku hiyo utakuwa umemfundisha kwamba mlango hufunguka kwa kelele kubwa zaidi.

Anayefuga mbwa amechukua dhamana ya kiumbe na dhamana ya usingizi wa jirani kwa pamoja, wala hana ruhusa ya kuchagua moja. Mbwa aliyekuwa mtulivu akianza ghafla kubweka usiku, hasa akiwa mzee, aonwe kwanza na daktari wa mifugo, kwa kuwa maumivu, ugonjwa wa masikio na kupungua kwa uwezo wa kuona au kusikia vyote huweza kujitokeza hivyo.

Nawe ndugu yangu wa Arusha, nenda kwenye kikao na mwenyekiti na majirani ukiwa na cheti cha chanjo na daftari la juma zima, uwaonyeshe majirani ni saa zipi mbwa anabweka na umeshabadilisha nini, kisha omba muda wa kutosha kumfundisha na uwape namba yako ya simu ili atakayeamshwa usiku akupigie wewe kwanza.