Rupia za Mjerumani ndani ya meli ya Mwingereza?

SWALI: Tulizamia kwenye mabaki ya Great Northern, Fungu la Fawatu, Unguja, tukatoka na kipande cha chuma. Tukihifadhi vipi? Wazee wanasema meli ilibeba rupia za Mjerumani na zebaki nyekundu. Kuna fundi mwenye mashine ya kupimia, anataka laki tano atuonyeshe zilipo. Tumwamini?

JIBU: Chuma hicho mngekiacha kilipo. Maadamu kimeshatoka, kisikauke hata siku moja. Kikikauka, chumvi iliyoingia ndani inaganda na kukipasua tabaka kwa tabaka. Kilazeni kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, mkipeleke kwa watu wa mambo ya kale. Kuitoa chumvi yote ni kazi ya miezi, pengine miaka, wala si ya nyumbani.

Sasa huyo fundi. Barua za namna hii sijui zitaisha lini. Great Northern, iliyoundwa 1870, ilikuwa meli ya Waingereza ya kulaza waya za telegrafu chini ya bahari. Stoo za meli za kazi hiyo ni matangi ya chuma ya mviringo, waya umezungushwa humo duru juu ya duru na kumwagiwa maji ili utomvu unaoufunika usikauke. Rupia za Mjerumani zingefuata nini humo? Mkesha wa mwaka mpya, mwishoni mwa 1902, ikapanda mwamba. Baadaye ikateleza na kukatika vipande viwili. Basi.

Mashine yenyewe italia, msihofu. Mabamba, mataruma, yote chuma. Utakosaje mlio? Vifaa vya sumaku ndivyo vibovu zaidi kwa kazi hiyo: vinanusa chuma tu, na rupia ni za madini ya fedha.

Zebaki nyekundu inayouzwa mitaani haipo duniani. Mwaka 2009 watu Saudi Arabia walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu wakiambiwa imo ndani. Hapa kwetu matapeli wanahamia kwenye meli, na mzamiaji anaingia chini ya bamba lililooza kwa ndoto ya mtu aliyekaa ufukweni anahesabu laki zake. Wengine wanataka baruti "kufungua stoo". Inayofunguka ni matumbawe.

Mkiona boti inashusha mitungi ya kukatia chuma pale Fawatu, waarifuni KMKM, kikosi cha kuzuia magendo Zanzibar, siku hiyohiyo.