Mama kaongea dakika mbili, binti kasema "hapana"

SWALI: Shikamooni. Niko mwaka wa nne wa udaktari na nimeanza mafunzo ya wodini. Wagonjwa kadhaa hawajui lugha yangu, na ya kwao mimi naishia kwenye salamu. Juzi nilimuuliza mama mmoja kama aliwahi kupoteza mimba. Akaongea kama dakika mbili, binti yake, aliyekuwa akinitafsiria, akasema, "Anasema hapana." Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Huenda jibu ulilolihitaji lilikuwa ndani ya dakika mbili zile. Ndugu hufupisha, husitiri, au humjibia mgonjwa. Na si kila mama ataweza kutaja mimba iliyotoka, au kipigo cha nyumbani, mbele ya mwanawe. Omba mkalimani aliyefunzwa, hata wa kwenye simu. Mtoto usimtumie, ila roho ya mgonjwa ikiwa hatarini na mkalimani bado anatafutwa.

Kabla hamjaingia, mweleze mkalimani unachotafuta, na umwombe atafsiri yote bila kupunguza. Akae pembeni ya mgonjwa, nyuma kidogo, ili macho yenu ninyi wawili yakutane. Sema "Unaumwa wapi?", si "Muulize anaumwa wapi." Sentensi moja, mbili, kisha nyamaza. Na uliza jambo moja tu: ukisema "Una homa, kikohozi au unatapika?" ukajibiwa "ndiyo", hujui ni kipi.

Jihadhari sana na neno linalofanana na la kwenu. Mwaka 1980 huko Florida, jamaa wa kijana aliyepoteza fahamu walitumia neno la Kihispania "intoxicado", wakimaanisha amekula kitu kilichomdhuru. Madaktari wakalisikia kama "intoxicated" ya Kiingereza, yaani aliyelewa, wakaelewa amezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja kichwani. Akapooza mikono na miguu. Basi kwenye faili andika neno kama mgonjwa alivyolitamka, ndipo uweke maana.

"Umeelewa?" haikusaidii, kwa kuwa wengi huitikia kwa heshima tu. Mpe vidonge, akutengee mwenyewe vya asubuhi na vya usiku. Saa nazo zina mtego: "saa mbili asubuhi" ya Kiswahili ni 8:00, na mgeni wa lugha anaweza kusikia 2:00. Fungamanisha dozi na kuamka na kulala.

Salamu zako usiziache, zinamtuliza mgonjwa. Programu ya kutafsiri nayo inatosha kwa "geukia ukutani". Ridhaa ya upasuaji ni jambo jingine: kama mkalimani hayupo, usiichukue, mwite daktari anayekusimamia.