Laxton: kijiji cha Uingereza kinacholima kwa ngwe

Wiki iliyopita niligusia kijiji cha Laxton, mkoa wa Nottinghamshire, Uingereza, ambako wakulima bado wanalima mashamba makubwa ya pamoja yasiyo na uzio kati ya jirani na jirani. Maswali yamekuja mengi. Nimechagua yale yaliyojirudia.

Laxton iko wapi hasa, na ina nini ambacho vijiji vingine havina? (Msomaji, Morogoro)

Iko takriban kilomita 16 kaskazini-magharibi mwa mji wa Newark, kwenye vilima vidogo vyenye udongo mzito wa mfinyanzi. Ni kijiji cha zamani: kimeandikwa katika Domesday, ile hesabu ya ardhi na mali iliyofanywa kwa amri ya mfalme mwaka 1086. Lakini vijiji vya umri huo Uingereza vimejaa. Upekee wa Laxton ni mashamba yake matatu, la Magharibi, la Kinu na la Kusini. Kila moja limegawanywa ngwe ndefu nyembamba, na mkulima mmoja ana ngwe zake zilizotawanyika katika yote matatu. Zamani hilo lilihakikisha kwamba hakuna anayejikusanyia udongo mzuri peke yake huku mwenzake akibaki na bonde linalotuama maji.

Mzunguko ni wa miaka mitatu: shamba moja lina ngano iliyopandwa kabla ya baridi, la pili lina mazao yanayopandwa baridi ikiisha, la tatu linapumzika au linaachiwa malisho. Mwaka unaofuata yanapokezana.

Wiki iliyopita uliiita Laxton "parokia". Je, ni parokia ya kanisa au ya serikali? (Msomaji, Mombasa)

Zote mbili. Parokia ya kanisa ndiyo ya kale. Tangu 1538 makasisi waliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko, na baada ya sheria ya 1601 parokia ikabebeshwa pia mzigo wa kutunza maskini wake. Mwaka 1894 sheria ikaanzisha mabaraza ya parokia ya kiraia, yasiyo chini ya kasisi. Mtaifananisha na serikali ya kijiji, ila yenye madaraka madogo zaidi.

Bila uzio, jirani akimega ngwe ya mwenzake inakuwaje? Kwetu hapo panga linatoka. (Msomaji, Mwanza)

Swali hili ndilo nililolisubiri. Mwisho wa Novemba, ngano ikiwa imeanza kuchipua, wakaguzi 12, wakulima walioteuliwa na mahakama ya kijiji, wanapanda tela linalovutwa na trekta na kwenda kukagua shamba lililopandwa ngano mwaka huo. Wanashuka na vigingi vya mbao na nyundo. Palipo na shaka wanatazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho wa ngwe, wanabishana kidogo, kisha wanapiga kigingi mahali pa haki. Aliyelima kupita mpaka, au aliyekula njia ya wote kwa jembe la trekta, jina lake linaandikwa. Halafu wote wanakwenda kula chakula cha mchana kwenye baa ya kijiji, Dovecote Inn, na huko ndiko faini zinakojadiliwa.

Wiki inayofuata mahakama ya kijiji inakaa, faini zinathibitishwa na wakaguzi wa mwaka ujao wanateuliwa. Faini zenyewe ni pesa ndogo. Kwa maoni yangu kinachomuuma mtu si kiasi, ni kusomwa jina mbele ya watu atakaokutana nao kila siku. Isitoshe, aliyekukagua mwaka huu huenda mwakani ukamkagua wewe.

Kwa nini utaratibu huu ulibaki Laxton na kwingine ukafa? (Msomaji, Nairobi)

Msidhani ni mapenzi ya mila. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kugawa na kuzungushia uzio mashamba ya wazi na ardhi za pamoja, jumla ya eka milioni 6.8 hivi, karibu sehemu moja ya tano ya nchi. Wenye ardhi walinenepa. Wengi waliokuwa wakilisha ng'ombe mmoja kwenye ardhi ya wote walibaki mikono mitupu. Laxton iliponea kwa sababu mabwana wawili wakubwa wa ardhi hapo, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough (Earl ni cheo cha kikabaila), hawakuafikiana. Wakubwa walivutana, wadogo wakaendelea kulima.

Na wakulima hawa ni wapangaji, msisahau. Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuzia Wizara ya Kilimo ardhi hiyo ili mfumo usife. Mwaka 1981 ikahamia kwa shirika linalosimamia mali za Taji, yaani za ufalme, na mwaka 2020 ikanunuliwa na Thoresby Estate, yaani ikarudi kwa warithi wa ukoo uleule wa Manvers.

Mgeni akifika ataona nini? (Msomaji, Mbeya)

Kilima cha ngome ya Wanormani, watu wa Normandy, Ufaransa, walioiteka Uingereza mwaka 1066, ambayo kuta zake zimekwisha na kubaki udongo na nyasi. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli, lenye sanamu za makaburi za ukoo wa Everingham, waliokuwa walinzi wa msitu wa Sherwood. Mojawapo, ya mwanamke, imechongwa kwa mbao. Nyumba za wakulima zimegeuzia barabara ubavu. Jirani kuna kituo cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi kilichofunguliwa mwaka 1995.

Mimi ningewahi Juni, maua yakiwa yamechanua kwenye vipande vya nyasi visivyolimwa katikati ya mashamba. Nyasi hizo hupigwa mnada kila mwaka kwa ajili ya mifugo. Ramani maarufu ya Laxton ya mwaka 1635, yenye vijitu vidogo vinavyolima na kuvuna, hamtaikuta kijijini: iko maktaba ya Bodleian, Oxford. Treni za kutoka London zinasimama Newark; kutoka hapo tafuteni gari, na mkitembea shambani fuateni njia za nyasi, msikanyage ngano ya watu.