Ukikabidhiwa mmea unaokaribia kutoweka, anza na daftari

Wengi huingia kwenye kazi hii wakiwa na hamu ya kupanda. Unakabidhiwa ua la porini lililobaki mashina ya kuhesabika, na akili inakimbilia kitaluni. Subiri kwanza. Kama hali inaruhusu, msimu wote wa mwanzo utumie kuutazama mmea wenyewe.

Hesabu mimea iliyokomaa, yaani inayochanua na kuzaa. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, hupanga viumbe kwa kiwango cha hatari ya kutoweka, na moja ya vigezo vyake kwa daraja la walio hatarini zaidi ni kubaki na mimea iliyokomaa isiyofika 50. Miche iliyosongamana chini ya mama isikudanganye, mingi hufa kabla ya kutoa ua. Kila mmea upe namba, kisha uandike umechanua lini, wadudu gani wanatua, na tunda lina nini ndani. Hili la mwisho watu hulipuuza. Karomia gigas, mti uliodhaniwa umetoweka mpaka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta tena wilayani Kilwa mwaka 2011, unazaa matunda, lakini mbegu zilizo hai ndani yake ni chache mno na kuvu huzishambulia. Anayehesabu matunda bila kuyapasua atalala usingizi mnono bure.

Ukikuta matunda matupu, tafuta sababu kabla ya kutafuta tiba. Huenda mdudu anayechavusha hayupo tena. Hapo brashi laini na mkono uliotulia vinaweza kusaidia. Au mimea iliyobaki ni ndugu wa damu na chavua zao zinakataana. Ikiwa hivyo, utachavusha mpaka uchoke bila mafanikio, isipokuwa uchukue chavua kutoka kundi jingine.

Mbegu zikipatikana, usizikombe. Kwa kundi dogo, mimi sivuki asilimia 10 ya mbegu za mwaka huo. Na hapa ndipo ninapogombana na wageni: mbegu za kila mama zikae kwenye bahasha yake, ya karatasi, siyo mfuko wa nailoni unaozivundisha, na namba ya mama iandikwe juu. Ukizichanganya, miche mia ya kupendeza inaweza kuwa watoto wa mama mmoja, na hakuna atakayejua. Msitu utauona umejaa, kumbe umejaza ndugu watupu.

Kwa benki ya mbegu, kawaida ni kukausha kwenye nyuzi 15 na unyevu wa hewa wa asilimia 15, kisha kugandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ila zipo mbegu zinazokufa zikikauka. Jaribu chache kabla ya kupeleka zote.

Udongo wa kitalu nao uuchunge; vimelea vya Phytophthora, vinavyoozesha mizizi, husafiri na miche hadi porini, na huko havitolewi.

Mwisho, mahali ulipo mmea. Zima huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha, kwa sababu picha hubeba majiranukta ndani yake, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa ilipopigwa, na wanaoiba okidi na mimea adimu wanajua kuyasoma. Siri hiyo lakini usiwafiche wanaoishi jirani na msitu. Moto ukiwaka au shoka likilia, wao ndio watakaosikia, wewe utakuwa ofisini.